Mafuta Yaliyoganda Dukani na Ufuta Uliouzwa Mnadani

Ikifika Juni, baridi ya Songea huingia hadi ndani ya dumu. Kwenye maduka ya Hanga, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, mafuta ya kupima ambayo Machi yalikuwa yakimiminika bila taabu huanza kufanya ukungu, kisha huwa mazito, na asubuhi nyingine muuzaji hulazimika kulianika dumu juani kwanza ndipo ampimie mteja. Maneno hufuata papo hapo. Yamechanganywa. Ni feki. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba yanavyoganda kwenye dumu ndivyo yatakavyoganda kwenye mishipa ya damu. Na kwa kuwa chupa ya alizeti iliyo kwenye rafu hiyohiyo imebaki nyepesi vilevile, kesi huonekana imekwisha.

Haijaisha. Dumu lile kwa kawaida ni la mawese yaliyosafishwa yakaondolewa rangi na harufu, na mawese huganda kwenye baridi hata yakiwa safi kabisa, kwa sababu ndiyo maumbile yake. Ndani ya mwili kuna joto la nyuzi 37, na katika joto hilo mawese ni kimiminika. Habari ya mishipa ya moyo ipo, tena ni nzito, lakini haipiti njia hiyo.

Mafuta yote ya kula, yawe ya alizeti, mawese, samli au ya nguruwe, yamejengwa kwa mtindo mmoja: molekuli ndogo ya gliseroli iliyobeba minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Wataalamu huita kitu hicho trigliseridi. Tofauti iko kwenye minyororo. Ule ulioshiba haidrojeni umenyooka. Ule usioshiba una viungo pacha vya kaboni, na kwa kawaida kila kiungo pacha huupinda. Kuni zilizonyooka hufungwa mzigo ukakaza, lakini zenye matege huacha mianya hata kamba ikazwe namna gani. Minyororo iliyonyooka hulala pamoja na kushikana, mafuta yakaganda. Iliyopinda hubaki inateleza. Katika mawese karibu nusu ya asidi za mafuta zimeshiba. Katika nazi ni zaidi ya asilimia 80. Katika alizeti ni kama asilimia 11 tu, ufuta na soya kama 15, na karanga zinakaribia 20.

Aliyeanza kuyafumbua haya ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeanzia kwenye sabuni. Kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama kilitoka mwaka 1823. Aliishi miaka 102, jambo lisilothibitisha chochote kuhusu mafuta aliyokula.

Trigliseridi ni tawi moja tu la ukoo wa lipidi. Ukoo huo una nta, una lehemu (kolesteroli), una fosfolipidi, na kinachowaunganisha wote ni kutopatana na maji. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walikamua mafuta kutoka kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lililofunikwa. Lilikuwa takriban mara mbili ya eneo la ngozi za chembe zenyewe. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kila seli imefungwa kwa utando wa mafuta wa tabaka mbili, upande unaopenda maji ukitazama nje na ndani, na upande unaoyakimbia ukijificha katikati. Ubongo ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni lipidi. Homoni za uzazi hutengenezwa kutokana na lehemu. Mafuta, kwa hiyo, ni sehemu ya ujenzi wa mwili kabla hayajawa kitambi.

Tena zipo asidi mbili za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, mume na mke waliokuwa watafiti huko Minnesota, Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata kidogo. Ngozi zao zilifanya magamba, mikia ikaharibika, wakadumaa, na hatimaye wakafa. Wale waliopewa mafuta kidogo yenye asidi ya linoleiki walirudi katika afya. Asidi hiyo imejaa kwenye alizeti, ufuta na karanga. Ya pili, jamii ya omega-3, ni adimu zaidi, na kati ya mazao ya Ruvuma soya ndiyo inayoibeba kwa kiasi cha maana.

Hanga inajulikana zaidi kwa abasia yake ya Wabenediktini, iliyoanza mwaka 1957 kama mahali pa kuwalea watawa Waafrika. Siku hizi iko Wilaya ya Namtumbo, baada ya wilaya hiyo kukatwa kutoka Songea Vijijini. Lakini kwa anayetafuta mafuta, kinachovutia ni mashamba. Ufuta ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito wake. Karanga vivyo hivyo. Kiini cha alizeti hakiko mbali. Soya ina kama moja ya tano. Wilaya yote, pamoja na jirani yake Tunduru, inavuna mafuta kwa magunia, na msimu ukifika ufuta unapelekwa ghala la chama cha ushirika (AMCOS), unapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, na mnada unaupeleka kwa wanunuzi wa mbali. Fedha ikipatikana, sehemu yake hurudi dukani kununua mafuta ya kupima ambayo mara nyingi yamekuja nchini kwa meli.

Si kosa kuuza ufuta. Bei yake mara nyingi ni nzuri, na ada za shule hazilipwi kwa mbegu. Ajabu ni kuuza wote, hadi punje ya mwisho, na kubaki na uji mweupe.

Uingereza iliwahi kuyatolea macho mafuta ya Tanganyika kwa pupa kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikikosa mafuta ya kupikia na ya siagi bandia, ilianzisha mwaka 1947 mpango wa karanga uliokusudia kulima mashamba makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliharibika, mvua ikagoma, ardhi ya Kongwa ikawa ngumu kama sakafu, na mwaka 1951 mpango ulifungwa ukiwa umemeza pauni milioni 36. Wakulima wadogo wa kusini waliendelea kuvuna karanga zao kwa jembe la mkono.

Turudi kwenye uji, maana hapo ndipo penye hoja kubwa. Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yote hutokana na mafuta. Mtoto akitimiza miezi sita huanza kupewa uji, na uji wa sembe mwepesi hauna karibu mafuta yoyote. Tumbo lake ni dogo na hushiba haraka, huku ubongo ukikua kwa kasi ambayo hautairudia tena maishani. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Gramu ya wanga au protini hutoa 4. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta huongeza kama kilokalori 40 kwenye bakuli bila kuongeza ujazo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 35.6 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Huu ni mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi. Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya kuhara, uzito wa kuzaliwa, kazi nyingi za mama, uhaba wa protini na madini. Mafuta peke yake hayatauondoa. Lakini ni pengo ambalo familia nyingi za Hanga zina uwezo wa kuliziba kwa kilichomo ghalani.

Njia nyepesi kuliko zote ni karanga. Zikaangwe kidogo, zitwangwe au zisagwe mpaka zianze kutoa mafuta, na kijiko kimoja au viwili vikorogewe kwenye uji ukiwa karibu kuiva. Hapa pana kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa: kuchanganya karanga, soya, ngano, ulezi, mchele na mahindi, vyote vikasagwa pamoja kuwa unga wa lishe wa miezi mitatu. Karanga zikishasagwa, mafuta yake hukutana na hewa, na unga mzima huchacha mapema. Afadhali unga wa nafaka ukae peke yake, karanga zitwangwe kwa kiasi cha siku chache, na zichanganywe sufuriani. Soya nayo isisagwe mbichi, kwa kuwa ina kemikali zinazozuia mwili kumeng'enya protini. Ichemshwe kwenye maji yanayotokota kwa nusu saa hivi, imenywe, ianikwe, ndipo iende mashineni.

Halafu kuna mashine ya kukoboa. Mafuta ya punje ya hindi, ambayo ni asilimia 4 au 5 tu ya uzito wake, kwa sehemu kubwa yako kwenye kiini, na kiini hicho ndicho kinachong'olewa kupata sembe jeupe. Pumba zinakwenda kwa nguruwe na kuku, ambao kwa hesabu hiyo wanakula vizuri kuliko wenye nyumba. Dona hubaki na kiini chake, pamoja na vitamini E iliyomo. Lalamiko kwamba dona "haikai" ni la kweli: mafuta hayohayo ndiyo yanayochacha na kuupa unga uchungu baada ya wiki chache. Dawa yake ni kusaga kidogo kidogo. Debe moja kwa wakati, mahindi mengine yakabaki punje.

Mboga za majani zina habari yake. Majani ya maboga, mchicha, matembele na kisamvu yana karotini tele, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila karotini huyeyuka kwenye mafuta tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, mwaka 2004 waliwapa watu saladi zilezile, mara zikiwa na kiungo kisicho na mafuta, mara zikiwa na kiungo chenye mafuta, kisha wakawapima damu. Kwa saladi isiyo na mafuta, karotini iliyoonekana kwenye damu ilikuwa karibu na sifuri. Bibi anayeunga majani ya maboga kwa karanga zilizotwangwa hakuhitaji maabara kujua kwamba zinanoga, lakini kumbe kila akiunga alikuwa anafungua pia mlango wa vitamini. Mboga ya kuchemsha kwa chumvi tupu hushibisha jicho, na sehemu kubwa ya vitamini hupita tumboni bila kufyonzwa. Vitamini D, E na K nazo zinategemea mafuta vivyo hivyo.

Serikali ililiona pengo la vitamini A. Kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda vikubwa kuongeza vitamini hiyo kwenye mafuta ya kula. Tatizo ni safari ya kutoka kiwandani hadi sufuriani. Mwanga na hewa huiharibu vitamini A, na dumu linaloshinda wazi, likifunguliwa kila mteja anapokuja, au chupa angavu zilizopangwa juani kando ya barabara, hupoteza kilichoongezwa. Mnunuzi atazame nembo ya Shirika la Viwango (TBS) kwenye dumu lenyewe kabla ya kupimiwa, na akipata nafasi achague duka linaloweka mafuta kivulini.

Kwa mwenye alizeti yake, kukamua ni jambo linalowezekana. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni Arusha kinu cha kusukuma kwa mkono, chenye bomba na mtaimbo mrefu, kilichowezesha kijiji kukamua bila umeme. Siku hizi mashine za injini zimeenea zaidi. Mafuta yanayotoka mashineni huwa na vumbi la mbegu, unyevu kidogo na utomvu wa fosfolipidi, ndiyo maana huonekana machafu na hufanya povu yakitiwa kwenye moto. Yaachwe yatulie siku kadhaa kwenye chombo kilichofunikwa, yamiminwe taratibu bila kutibua machicha, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Wengine huyapasha moto mdogo ili maji yakauke, na si vibaya. Yawekwe kwenye chombo kikavu kilichojazwa hadi juu, mahali penye giza na ubaridi. Mashudu yanayobaki yana protini nyingi na mifugo huyafurahia.

Mafuta hayo ya kukamua kienyeji ni mazuri kwa kuunga mboga, kwenye maharage, kwenye uji. Hayafai kukaangia maandazi. Mafuta ghafi ya alizeti huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 107 hivi, wakati yaliyosafishwa kiwandani huvumilia mpaka zaidi ya 220. Moshi ule unaowasha macho na koo ni gliseroli inayovunjika. Ukionekana, joto limeshapita kiasi.

Na mafuta ya kukaangia yakirudiwarudiwa? Minyororo isiyoshiba ina udhaifu mmoja: kwenye viungo pacha ndipo oksijeni inaposhambulia. Kila kipindi cha moto huvunja baadhi ya minyororo na kuigandisha mingine, mpaka mafuta yanakuwa meusi, mazito, yenye povu lisilotulia na yanayoacha gundi kwenye karai. Kuongeza mafuta mapya juu ya hayo hakuyafufui. Mpika chipsi au maandazi anayetaka kubana matumizi achuje makapi kila akimaliza, kwa kuwa makapi yanayoungua ndiyo yanayoharakisha uharibifu, na ayamwage yakianza kunuka, kubadilika rangi au kutoa moshi mapema kuliko siku ya kwanza. Karai likishika moto, lifunikwe kwa mfuniko na jiko lizimwe. Maji hapo ni hatari: huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla, na kurusha moto hadi darini.

Mbegu za mafuta zina adui mwingine asiyeonekana vizuri, nalo ni sumukuvu. Kuvu huota kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa mabichi au kuanikwa chini kwenye udongo. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na kwa kiwango kidogo cha kila siku huharibu ini polepole. Kukaanga hakuiondoi. Karanga zianikwe juu ya turubai au kichanja, na kabla ya kutwanga zichaguliwe kwa mkono: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu zitupwe. Zisipelekwe kwa kuku, na zisipelekwe mashine ya kukamua kwa wazo kwamba mafuta hayataonyesha. Ni bora pia karanga zihifadhiwe na maganda yake ya nje, kwani ganda huzikinga na wadudu.

Omega-3 zile za aina ambayo ubongo na macho huzitaka zaidi hupatikana kwa samaki, na hapo Hanga ina bahati ya jiografia. Dagaa nyasa kutoka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, hufika masoko ya Songea na Namtumbo kwa wingi. Mafuta yao ndiyo yanayochacha upesi kuliko ya chakula chochote kilichotajwa hapa, kwa sababu minyororo yake ina viungo pacha vingi. Dagaa wenye rangi ya kutu na harufu kali ya kukwaruza koo wamekwisha kuchacha. Wanaong'aa rangi ya fedha ndio wa kununua, kwa kiasi cha wiki moja au mbili. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, hao nao ni mafuta na protini vilivyojileta vyenyewe mlangoni.

Sasa mishipa ya moyo. Asidi za mafuta zilizoshiba huongeza lehemu mbaya kwenye damu, na miaka inavyokwenda lehemu hiyo hujijenga kwenye kuta za mishipa. Kibaya zaidi ni mafuta ya transi ya viwandani, yaliyozaliwa pale njia ya Mjerumani Wilhelm Normann ya kugandisha mafuta kwa haidrojeni ilipopata hataza mwaka 1902: mnyororo unabaki haujashiba lakini umenyooshwa. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 kampeni ya kuyafuta kwenye vyakula vya viwandani. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, shirika hilo linashauri mafuta yote yasizidi kama gramu 67, yaliyoshiba yasizidi 22, na ya transi yabaki chini ya 2.2. Kijiko kikubwa cha mawese kina karibu gramu 7 za yaliyoshiba. Cha alizeti hakifiki 2. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ambayo Songea haikosi wapenzi, haina haja ya kulaaniwa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya kiharusi katika familia apunguze ngozi na mafuta meupe, ale nyama, na asikaangie chakula cha kesho yake mafuta yaliyochuruzika.

Kipimo cha kujipimia nyumbani kipo, tena hakihitaji mizani. Lita moja ya mafuta ina vijiko vikubwa 66 hivi. Familia ya watu sita inayoimaliza kwa siku tatu inampa kila mtu vijiko karibu vinne kwa siku, yaani gramu zipatazo 50 kabla ya kuhesabu nyama, maziwa na karanga. Hiyo inafaa kupunguzwa, hasa kama wenyewe hawashindi shambani. Ikiimaliza kwa wiki moja, imekaa mahali pazuri. Lita ikikaa mwezi mzima, kila mmoja anapata kama kijiko kidogo kimoja tu, na hapo ni kuongeza konzi ya karanga au ufuta kwenye mboga. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka miwili, bakuli lake ndilo la kuanzia.